Nywele za mwilini: mwongozo kamili wa kuziacha, kuzipunguza au kuzitoa bila kuumiza ngozi

Nina kovu upande wa kushoto wa kinena, gumu, linang'aa, saizi ya punje ya kunde. Lina miaka kumi na tisa sasa. Lilianza na wembe mpya, maji baridi na haraka. Zilibaki siku tatu niolewe, hapa Tanga, nikajifungia bafuni nikanyoa kinyume na nywele zilivyolala, ngozi nimeivuta kwa kidole, nikarudia pale pale mara tatu ili niwe laini kabisa. Siku ya nne nilikuwa na vipele, ya sita jipu, na jipu lilipopona likaacha keloidi, yaani kovu linalovimba na kukua kupita kidonda chenyewe. Somo wangu alinifunza mengi wiki ile: kupika, kujifukiza, kuishi na mume. Habari ya ngozi hakuna aliyenifunza, kwa sababu kila mmoja alidhani kunyoa ni jambo ambalo mtu analijua tu.

Ninachoandika hapa ndicho ambacho ningependa mtu anikalishe aniambie siku ile. Nimekiandika kwa wanawake wa rangi na nywele kama zangu, kwa sababu maelekezo mengi yanayosambaa yameandikwa na wenye nywele zilizonyooka, na ngozi zetu ndizo zinazolipa.

Kabla ya kushika chochote, amua

Chukua kila sehemu peke yake: kwapa, miguu, kinena, uso. Hakuna sheria kwamba ukitoa moja utoe zote. Jiulize kila moja inakusumbua nini. Joto? Jasho? Ibada? Au ni maneno ya mtu?

Maneno ya watu hayaafikiani hata kidogo. Nilikua nikisikia miguu ya mwanamke yenye malaika, vile vinyweleo laini, ikisifiwa, na mpaka leo wapo wanaume wanaoipenda hivyo hasa. Ukifungua simu unaonyeshwa miguu inayong'aa kama chupa. Mtindo huo una tarehe yake: mwaka 1915 kampuni ya Gillette ya Marekani ilitoa wembe wake wa kwanza wa wanawake, Milady Décolleté, wakati magauni yasiyo na mikono yalipokuwa yanaingia, na matangazo yakaanza kuwaambia wanawake kuwa kwapa lenye nywele ni aibu. Kabla ya hapo wanawake wa huko wengi hawakujali. Ukijua hilo, unaweza kuupenda mtindo au kuuacha, lakini huwezi tena kuuchukulia kama maumbile.

Kwa Waislamu jambo hili lina upande wa dini, na nitausema wazi kwa sababu dada wengi huuliza kwa kunong'ona. Katika hadithi ya Abu Huraira iliyomo katika vitabu vya Bukhari na Muslim, kunyoa kinena na kunyonyoa kwapa yametajwa kati ya mambo matano ya fitra, yaani maumbile safi ya mwanadamu, na katika Muslim kuna hadithi ya Anas kwamba yasiachwe zaidi ya siku 40. Nyusi ni habari nyingine: kuna hadithi inayomlaani anayezinyonyoa, na wanazuoni wametofautiana katika upana wa katazo hilo, kwa hiyo kabla ya kutinda muulize mwalimu unayemwamini. Aliyehirimia Hija au Umra hatoi nywele mpaka atoke kwenye ihramu. Miguu na mikono haikutajwa kwenye mambo hayo ya fitra.

Na usafi? Nywele si uchafu. Kikwapa hutokana na bakteria wanaokula jasho zito la kwapani. Nywele hulishikilia jasho hilo kidogo zaidi, ndiyo maana ukizipunguza harufu hupungua, lakini kwapa lililonyolewa lisilooshwa litanuka tu. Nywele za kinena nazo zina kazi: hupunguza msuguano wa nguo na ngozi. Mwanamke anayeziacha na kuoga vizuri ni msafi kama mwenzake yeyote.

Zijue nywele zako

Hatua hii watu huiruka, na ndiyo iliyonigharimu mimi.

Unywele wetu hutoka kwenye ngozi ukiwa umejipinda. Ukiukata chini sana, ncha yake inabaki kali kama mkuki, na unapokua unajikunja na kurudi kuichoma ngozi, au hata hautoki nje kabisa. Mwili unauona kama mwiba: unavimba, unawasha, unaweka alama nyeusi. Kadiri nywele zilivyo kipilipili, ndivyo hatari inavyozidi.

Kwa hiyo tafuta mwelekeo. Subiri nywele ziwe na siku mbili tatu tangu mara ya mwisho. Kaa penye mwanga, kioo mkononi, halafu pitisha kidole taratibu. Upande ambao kidole kinateleza ndio nywele zinakolala. Upande unaokwaruza ndio kinyume. Miguuni ni rahisi, zinalala kushuka. Kwapani zinachanganya: kwa wengi za juu zinapanda, za chini zinashuka, katikati kuna kizunguko. Kinenani huelekea katikati na chini. Jichoree hata kwenye karatasi, mishale tu. Ukishaijua ramani yako huisahau tena.

Ukiwa na historia ya keloidi, kama mimi, au kama kutoboa masikio kulikuachia uvimbe, basi kwako kanuni ni moja: usikate chini ya usawa wa ngozi, na using'oe. Punguza kwa mkasi au mashine, basi.

Kuziacha

Oga kila siku, kwapa kwa sabuni, kinena kwa nje tu kwa maji na sabuni isiyo kali. Ndani ya uke hakuingii sabuni, ndimu wala kitu chochote. Jikaushe vizuri, maana unyevu ndio unaoleta fangasi, hasa mikunjoni. Vaa chupi za pamba. Shabu ya dukani, ile ya mawe, ukiilowesha na kuipaka kwapani hupunguza harufu vizuri na bei yake ni ndogo. Ndimu usipake: juani huunguza ngozi na kuacha madoa meusi ya miezi.

Kupunguza

Kama ungeniomba nikuchagulie njia moja, ningekupa hii. Mkasi mdogo wenye ncha butu, au mashine ya kunyolea yenye kitana cha plastiki, uache milimita mbili tatu. Nywele zikiwa kavu. Hakuna kidonda, hakuna ncha inayorudi ndani, hakuna mwasho wa siku ya tatu. Mashine iwe yako peke yako, isiwe ya mume wala ya mtoto, na ipakwe spiriti kila baada ya matumizi. Wengi wanahesabu kupunguza hadi usawa wa chini kuwa kunatosha pia kwa fitra. Hilo nalo muulize mwalimu.

Wembe

Ukipenda wembe, fuata mpangilio huu bila kuruka.

1. Punguza kwanza kwa mkasi. Wembe haukati msitu.
2. Oga maji ya uvuguvugu, au weka kitambaa cha moto kidogo kwa dakika tano. Unywele uliolowa hulainika, na ncha yake hukatika ikiwa butu kidogo.
3. Paka povu. Kama huna krimu ya kunyolea, kondishena ya nywele inafaa kuliko sabuni ya kipande, ambayo hukausha.
4. Tumia wembe wenye mpini na makali mapya. Kwa nywele kipilipili, wenye kisu kimoja ni bora kuliko wenye visu vinne: visu vingi huuvuta unywele na kuukata chini ya ngozi. Zile nyembe tupu za kushika kwa vidole ziache, zinakata watu.
5. Nyoa kuelekea zinakolala. Usivute ngozi. Pitisha mara moja, suuza wembe, endelea. Sehemu iliyobaki na mabaki iachie hivyo hivyo. Kipara kamili ndicho kinacholeta vipele.
6. Maji baridi, kausha kwa kupapasa, paka alovera au mafuta mepesi yasiyo na manukato. Deodoranti na marashi subiri mpaka kesho.

Badilisha wembe baada ya mara tano hadi saba, na mapema zaidi ukianza kukwaruza. Kamwe usichangie, hata na dada wa tumbo moja: VVU na homa ya ini hupita kwenye damu isiyoonekana kwa macho.

Na lile la kwamba ukinyoa zinarudi nene zaidi, si kweli. Mwaka 1928 mwanaanatomia Mmarekani, Mildred Trotter, alipima nywele za wanaume wanaonyoa na hakuona unene wala kasi kuongezeka. Zinahisi ngumu kwa sababu ncha laini imekatwa na limebaki shina.

Sukari na ndimu

Hii ndiyo njia ninayoipenda kwa miguu, kwa wasio na keloidi. Waarabu wanaiita halawa. Inang'oa na mzizi, kwa hiyo nywele zinachukua wiki tatu hadi sita kurudi, na zikirudi ncha zake ni laini.

Vikombe viwili vya sukari, robo kikombe cha maji ya ndimu, robo kikombe cha maji. Weka kwenye sufuria nzito, moto mdogo. Koroga mpaka sukari iyeyuke, kisha acha kukoroga na angalia tu. Kwanza itatoa mapovu meupe makubwa, halafu mapovu yatakuwa madogo na mazito, rangi itageuka manjano, mwishowe itafanana na asali mbichi. Hapo usiondoke jikoni hata kuitikia hodi, maana kati ya asali na kuungua ni dakika moja. Dondosha tone kwenye glasi ya maji baridi: likitawanyika bado, likijikusanya kuwa kidonge laini unachoweza kukibonyeza, epua. Likivunjika kama peremende umepitiliza. Ongeza maji kijiko kimoja, rudisha motoni.

Mimina kwenye bakuli la udongo au la glasi nene na usiliguse kwa angalau nusu saa. Sukari ya moto inaunguza kuliko maji yanayochemka, kwa sababu inanata na haitoki. Watoto wawe nje ya jikoni. Itakapokuwa vuguvugu, chukua kipande cha ukubwa wa limau dogo, kikande na kukivuta kwa vidole vilivyolowa mpaka kigeuke kutoka asali kuwa rangi ya dhahabu iliyopauka, kama hariri. Mkono wako utakuambia kiko tayari: kinavutika bila kushikana na vidole.

Ngozi iwe safi na kavu kabisa, unga kidogo wa poda juu yake. Nywele ziwe na urefu wa punje ya mchele. Fupi zaidi hazishikiki, ndefu sana zinauma. Bandika kipande kwa kukisukuma kinyume na nywele, kiache sekunde chache, kisha kipokonye kwa mkato mmoja kuelekea zinakolala, mkono ukiwa sambamba na ngozi, usiinue juu. Mkono mwingine ushikilie ngozi. Kwa mwelekeo huu nywele chache hukatikia njiani, na zilizokatikia njiani ndizo zinazoota kwa ndani. Ikiwa mchanganyiko wako umekuwa mwepesi, upake kwa mwiko kuelekea zinakolala, weka utepe wa khanga kuukuu juu, na hapo uvute kinyume.

Sehemu moja mara mbili, basi. Mabaki hutoka kwa maji ya uvuguvugu, huo ndio uzuri wa sukari kuliko nta. Siku mbili usiingie baharini, usivae nguo za kubana, usisugue. Siku tano au sita baadaye anza dodoki laini mara mbili kwa wiki ili nywele mpya zipate njia.

Usifanye hivi juu ya kidonda, doa jeusi lililoinuka au mishipa iliyovimba. Mwenye kisukari aulize daktari kwanza. Anayemeza aisotretinoini ya chunusi asubiri miezi sita baada ya kumaliza. Na anayetumia mkorogo wa kung'arisha ngozi asiguse kabisa, iwe sukari au nta: ngozi yake imekuwa nyembamba, na itatoka pamoja na nywele. Nimeliona hilo kwa macho yangu, kidevu cha dada mmoja kimebanduka kama ganda la nyanya iliyochomwa.

Ukienda saluni, tazama mwiko. Mwiko ukishagusa mteja haurudi kwenye chungu. Saluni moja niliyokuwa naenda walikuwa na chungu kimoja na mwiko mmoja kwa wote kutwa nzima. Nilivyouliza, nikaambiwa moto unaua kila kitu. Nta ya vuguvugu haiui kitu. Niliondoka.

Krimu, uzi na leza

Krimu za kutoa nywele huvunja protini ya unywele kwa dawa kali ya alkali. Jaribu tone nyuma ya mkono, subiri saa 24. Fuata dakika zilizoandikwa kwenye boksi, na kinenani ziishie nje kabisa.

Uzi unafaa nyusi na mdomo wa juu. Kibanio cha kunyonyolea nywele kwenye kidevu kinaacha vipele na madoa. Ukiwa na nywele tatu nne zikate tu kwa mkasi mdogo.

Leza hufuata rangi nyeusi ya unywele, na ngozi yenye rangi nyingi nayo hunywa mwanga huo na kuungua. Kwa ngozi nyeusi inayofaa ni aina ya Nd:YAG, ya mawimbi ya nanomita 1064. Kabla hujalipa uliza jina la mashine, uliza anayeitumia amesomea wapi, na omba wajaribu sehemu ndogo kwanza. Wasipojua jina, ondoka. Tegemea mara sita hadi nane, wiki nne hadi nane kati ya kila moja, na nyingine za kurudia baadaye. Zile taa za kutumia nyumbani nyingi hazifai ngozi nyeusi. Boksi lenyewe huonyesha rangi za ngozi zinazoruhusiwa, na yetu mara nyingi haimo.

Vipele vikitoka

Acha kunyoa, wiki nne kamili. Kitambaa cha maji ya moto kiasi, dakika kumi, mara mbili kwa siku. Ukiona unywele umejikunja kama kitanzi juu ya ngozi, unaweza kuinua kitanzi kwa sindano iliyochemshwa, bila kung'oa. Usichimbe usichokiona. Krimu yenye asidi ya salisiliki husaidia miguuni na kwapani. Jipu, homa, wekundu unaotambaa, au kovu linaloendelea kukua nje ya mipaka ya kidonda: nenda hospitali, na mapema. Keloidi changa inatibika kwa sindano kirahisi kuliko yangu hii ya miaka.

Nywele zinapokuwa ujumbe wa mwili

Malaika laini juu ya mdomo ni kitu cha kawaida. Nywele nene, nyeusi, zinazoota kidevuni, kifuani au kutoka kitovuni kushuka, hasa zikija na hedhi isiyo na mpangilio, chunusi nyingi au kukawia kushika mimba, ni sababu ya kumwona daktari. Mara nyingi ni tatizo la homoni za ovari liitwalo PCOS. Linakadiriwa kumpata takriban mwanamke mmoja kati ya kila kumi walio katika umri wa kuzaa, na wengi hawajawahi kuambiwa. Vipo vidonge vinavyosaidia, ingawa nywele huchukua takriban miezi sita kuonyesha tofauti. Zikija kwa ghafla, ndani ya miezi michache, na sauti ikawa nzito, usisubiri hata wiki.

Angalia pia unachopaka. Mkorogo mwingi una steroidi, na steroidi huotesha nywele usoni. Nimewaona wanawake wakihangaika na kibanio kila asubuhi huku jioni wanapaka chanzo chenyewe.

Mjamzito

Wajawazito wengi hujinyoa wiki ya mwisho, tumbo limewazuia wasione, wanapapasa tu na wembe kwa kuogopa watasemwa leba. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2015, limesema kunyoa kinena kabla ya kujifungua kwa njia ya kawaida hakupendekezwi kuwa utaratibu. Kwa upasuaji pia ushauri wake wa 2016 ni nywele ziachwe, na zikilazimika kuondolewa ziondolewe kwa mashine, wembe hapana. Kwa hiyo ukiona zimekuwa nyingi, mwombe mume au dada akupunguzie kwa mkasi mwezi wa nane. Kwetu pwani mke na mume kunyoana ni jambo wanalofunzwa wanandoa, la mapenzi kabisa. Hapo lina faida nyingine.

Binti

Mwaka jana mpwa wangu wa miaka kumi na tatu alitoka bafuni amefunga kitambaa mkononi. Alikuwa amechukua wembe wa baba yake, amejikata kwapani na kwenye kidole, kwa sababu wenzake walimcheka siku ya michezo. Nilimsafisha, tukakaa kwenye mkeka. Nikamshika kidole chake kizima nikakipitisha juu ya mkono wake, kushuka, halafu kupanda, mpaka akasema, "Shangazi, huku kunakwaruza." Nikamwambia huko ndiko wembe usikoenda. Nikamweleza njia zote, na kwamba kuziacha ni mojawapo. Akaniuliza kama mimi miguu nanyoa. Nikamwonyesha: sinyoi.

Kwapa akachagua mkasi. Miguu akasema itabaki ilivyo, akibadili mawazo ataniuliza. Wembe ule tulioukuta na damu tuliufunga kwenye kopo tukautupa, baba yake akanunua mwingine.